Faili limefika, mwenye faili katolewa nje

Saa nne na dakika kumi asubuhi mwalimu mmoja kutoka Ujiji alikaa kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni, hapa kwenye steshenari yangu Mwanga, Kigoma. Akaingia kwenye mfumo mmoja wa kukusanyia masomo ya video, akajaza fomu, akachagua faili la MB 640, akabonyeza Tuma. Somo lilihusu samaki wa Ziwa Tanganyika. Alilirekodi mwenyewe kwa simu kwenye mwalo wa Kibirizi, migebuka wakishushwa nyuma yake. Kimstari cha asilimia kikaanza kutambaa. Mwalimu akatoa madaftari ya wanafunzi akawa anasahihisha, mimi nikaendelea na fotokopi zangu.

Saa tano na dakika saba kikafika 100. Ukurasa ukapepesa, ukabadilika. Kisanduku cha jina, kisanduku cha nenosiri, na juu yake maandishi mekundu: muda wako umekwisha, tafadhali ingia upya.

“Kaka, imeenda au haijaenda?”

Nikainama nikatazama. “Haijaenda, Mwalimu.”

“Si imefika mia?”

“Imefika. Ndiyo tatizo lenyewe.”

Hakunielewa, na sikumlaumu. Mchana natoa fotokopi, usiku naandika mifumo ya wateja, kwa hiyo nimeshakaa pande zote mbili za meza hii: upande wa anayeona bando lake likiteketea, na upande wa aliyeandika programu inayoliteketeza. Nilichomweleza Mwalimu siku ile kwa dakika tano, huku kuna mtu anasubiri kulaminishiwa cheti, nakieleza hapa kwa nafasi zaidi.

Seva haikumbuki sura

HTTP, lugha ambayo kivinjari chako na seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo, huzungumza, iliumbwa bila kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni mgeni. Ukifungua ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, seva haina namna ya kujua kuwa aliyekuja mara ya pili ni yuleyule wa mwanzo. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, ndiye aliyeleta kidakuzi: kijikaratasi chenye namba ambacho seva humpa mgeni, na mgeni hukionyesha kila anaporudi.

Sesheni, yaani kipindi ambacho seva inakutambua kuwa umeingia, imejengwa juu ya kijikaratasi hicho. Ukiingia kwa nenosiri lako, seva inafungua ukurasa kwenye daftari lake: namba fulani, mtu fulani, ameingia. Namba hiyo unabaki nayo wewe ndani ya kidakuzi. Kila ombi likija, seva inaitazama namba, inafunua daftari, inakutambua. Na pembeni ya kila jina kwenye daftari kuna saa. Saa hiyo kwa kawaida hurudishwa mwanzo kila ombi lako linaposhughulikiwa. Ukikaa kimya mpaka muda uishe, jina lako linafutwa.

Muda huo ni kiasi gani? Hapa kila zana ya kuandikia na kuendeshea mifumo ina kipimo chake. PHP, lugha ya programu inayoendesha mifumo mingi ya wavuti, ukiiacha ilivyokuja, huweka sekunde 1,440, yaani dakika 24. Tomcat ya watu wa Java ni dakika 30. ASP.NET ni 20. Laravel inakupa dakika 120, na Django inakuachia wiki mbili nzima. Ndiyo maana mtu mmoja ataapa kuwa tatizo hili halipo na mwingine analiona kila Jumatatu.

Mpaka hapo hakuna kosa. Kumtoa mtu aliyeondoka bila kuaga ni busara. Swali ni kwa nini Mwalimu, ambaye kompyuta yake haikunyamaza hata nukta moja, ahesabiwe kuwa aliondoka.

Ombi moja la saa nzima

Njia ya kupakia faili kupitia fomu ya HTML iliandikwa Novemba 1995, kwenye waraka unaojulikana kama RFC 1867, na fomu ya kawaida ya leo bado inafuata wazo lilelile. Kila kilichomo kwenye fomu, faili pamoja na maneno, kinafungwa kwenye mwili wa ombi moja. Faili liwe la KB 40 au MB 640, kwa seva ni ombi moja. Na seva nyingi huhesabu ombi pale linapokamilika, kwa sababu hapo ndipo programu yako inapoamshwa.

Neno hilo, kuamshwa, ndilo kiini cha kadhia yote. Tuirudie asubuhi ya Mwalimu tukiwa tumekaa upande wa seva.

Saa nne na dakika nane anafungua ukurasa wa fomu. PHP inaamka, inasoma daftari, inamtambua, inarudisha saa yake mwanzo, inalala. Saa nne na kumi anabonyeza Tuma. Mbele ya programu kuna Nginx, mlinzi wa mlangoni. Nginx kwa kawaida haipitishi mzigo nusunusu. Inaukusanya wote kwanza, ukitimia ndiyo inaukabidhi ndani. PHP nayo ina tabia hiyohiyo: inapokea mwili wote wa ombi, inaliweka faili kwenye folda ya muda, ndipo inaanza kutekeleza mstari wa kwanza wa programu. Kwa hiyo saa nne na nusu, baiti zinamiminika, taa za raouta zinamweka kama kawaida, na programu ya mfumo haijui lolote. Imelala. Daftari la sesheni halijaguswa.

Saa nne na dakika 32, dakika 24 zinatimia.

Saa tano na saba baiti ya mwisho inatua. Sasa programu inaamka na mstari wake wa kwanza unauliza: wewe ni nani? Kidakuzi kinatoa namba. Daftari linafunuliwa, namba haipo. Mgeni. Programu inafanya ilichofundishwa kumfanyia mgeni: inampeleka kwenye ukurasa wa kuingia, kisha inamaliza kazi. Na PHP ina desturi moja ya usafi: faili lililopakiwa ambalo programu haikulihamishia mahali pa kudumu hufutwa pale ombi linapokwisha. MB 640 zilizosafiri kwa dakika 57, ambazo zilikuwa zimeshatua kwenye diski ya seva zikiwa nzima, zinafutwa papo hapo.

Swali la kitambulisho limeulizwa baada ya safari. Hebu fikiria unasafirisha dumu la mawese kwa treni kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 za Reli ya Kati. Unapanda bila kuulizwa, unapita Uvinza, unapita Tabora, Dodoma, na ukishashuka ndipo unaombwa tiketi. Ukikosa, dumu linamwagwa mbele yako.

Kinachokera zaidi ni kwamba tatizo halitokei kila mara. PHP haifuti majina yaliyopitwa na wakati dakika ileile. Kufagia daftari hufanyika kwa bahati nasibu: kwa mpangilio wake wa asili, kila ombi linaloanzisha sesheni lina nafasi moja kati ya 100 ya kuwa ndilo litakaloshika ufagio. Debian na Ubuntu, mifumo endeshi ya seva nyingi, zimeondoa bahati nasibu hiyo na kuweka kazi ya kufagia kila nusu saa. Matokeo yake ni kwamba faili la dakika 40 linaweza kupita leo na kukataliwa kesho, kwenye seva ileile, kwa mtu yuleyule. Mtumiaji akilalamika, fundi anajaribu mara moja, inakubali, anajibu kuwa kwake iko sawa.

Na kwake kweli iko sawa. MB 640 ni megabiti 5,120, maana baiti moja ni biti nane, na kasi ya mtandao hutangazwa kwa biti. Kwenye laini yangu ya Mwanga, kasi ya kupandisha siku ile ilikuwa kama megabiti 1.5 kwa sekunde. Gawanya upate sekunde 3,413, zile dakika 57. Fundi aliyeko mjini mwenye faiba ya megabiti 100 anamaliza kwa sekunde 51. Yeye na sesheni kuisha wataonana wapi? Mifumo mingi hujaribiwa na watu wenye mtandao mzuri kuliko wa wale watakaoitumia, na nikiulizwa chanzo halisi cha shida hii nitataja hilo kabla ya kutaja PHP.

Wanaosingiziwa

Kabla ya tiba, tuwatoe kwanza wasio na hatia, maana nimeona watu wakihangaika wiki nzima na skrubu isiyo yenyewe.

Wa kwanza ni mpangilio wa PHP uitwao max_execution_time. Kila anayekwama anaambiwa aiongeze. Inahesabu muda wa programu kutekelezwa, na tumeshaona kuwa wakati mzigo unapokelewa programu bado haijaanza. Iongeze hata iwe muda wa saa kumi, Mwalimu bado atatolewa.

Wa pili ni ukubwa unaojifanya muda. Nginx isiyoguswa hukataa mwili wa ombi unaozidi MB 1, na hilo angalau inalisema wazi kwa jibu namba 413. PHP ni msiri zaidi. Kikomo chake cha asili ni MB 2 kwa faili na MB 8 kwa ombi zima, na ombi likizidi hizo 8, PHP inaendesha programu huku vikapu vya fomu vikiwa vitupu: hakuna faili, hakuna jina, hakuna hata ile tokeni ya siri inayothibitisha kuwa fomu ilitoka kwenye ukurasa wako. Programu ikikosa tokeni inadhani sesheni imekufa, inaandika “muda wako umekwisha”. Muda haukuisha, mzigo ulikuwa mkubwa. Kuvitofautisha si kazi: pakia faili lilelile kutoka kwenye kompyuta iliyo karibu na seva, kwenye mtandao wa kasi. Likikataliwa ndani ya dakika moja, achana na saa, tazama mizani.

Wa tatu ni Nginx na sekunde zake 60 za kusubiri mwili wa ombi. Watu wengi huzisoma kama kikomo cha safari nzima, kumbe ni kikomo cha ukimya kati ya kupokea kipande na kipande. Laini ya taratibu isiyokatika haiguswi. Laini inayozubaa kwa dakika nzima, kama zetu mvua kubwa ikinyesha, ndiyo hukatwa, na jibu lake ni 408, wala si ukurasa wa kuingia.

Kurefusha muda

Tiba ya kwanza kuja kichwani ni kuongeza muda wa sesheni. Fanya saa nane, mambo yaishe. Nami naikataa, na sababu yangu imekaa pale kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni.

Kiti kile anakaa Mwalimu, akitoka anakaa kijana anayeomba kazi, akitoka anakaa mama anayetafuta fomu ya mkopo wa kikundi. Wengi hawabonyezi Toka. Wanafunga dirisha, wengine hata hawafungi, wananyanyuka tu. Dakika 24 za PHP, kwa fujo zake zote, ndizo zinazomlinda aliyenyanyuka dhidi ya anayekaa. OWASP, jumuiya inayoandika miongozo ya usalama wa mifumo ya wavuti, inapendekeza ukimya wa dakika 2 hadi 5 kwa mifumo yenye thamani kubwa, na 15 hadi 30 kwa ile ya hatari ndogo. Anayeandika saa nane anamfikiria mtu mwenye laptopu yake mwenyewe, chumbani kwake, mlango umefungwa.

Mapigo

Tiba ya pili ni ya heshima zaidi. Wakati faili linapanda, ukurasa unatuma ombi jingine dogo pembeni kila baada ya dakika chache, halibebi chochote, linagonga mlango tu na kusema nipo. Programu inaamka, inasoma daftari, saa inarudi mwanzo. Nimeitumia kwenye mfumo wa mteja mmoja na bado inafanya kazi.

Ila ina masharti yake. Mapigo yafungwe kwenye mwendo wa faili, yasifungwe kwenye saa ya ukutani. Kivinjari hutoa taarifa kila baiti zinaposonga. Piga pigo pale tu zinaposonga. Ukiweka pigo la kila dakika tano bila kujali, mtu aliyemaliza kupakia na kwenda kula atabaki ameingia mpaka jioni, na umerudi kwenye zile saa nane kwa mlango wa nyuma. Tena vivinjari vya siku hizi huvipunguzia kasi vichupo vilivyofichwa: Chrome, tangu toleo la 88 la mwaka 2021, huweza kuruhusu saa za ukurasa uliofichwa zaidi ya dakika tano kuamka mara moja tu kwa dakika. Pigo la dakika tano linavumilia hilo. Kwenye simu iliyozimwa kioo huna uhakika wa lolote, pigo wala faili.

Kuna na jambo la kufuli. PHP ikifungua sesheni huifunga wengine wasiiguse mpaka ombi liishe. Faili likishafika na programu ikaanza kulichakata kwa dakika kadhaa, mapigo yote yanapanga foleni nje, na ukurasa mwingine wowote ambao mtumiaji ataufungua unaganda. Dawa ni mstari mmoja, session_write_close, uandikwe mara tu baada ya kumtambua mtu, kabla ya kazi nzito. Mstari huo mmoja umewahi kunirudishia usingizi.

Lakini mapigo ni kiraka. Umeme ukikatika dakika ya 50, yamekufa, na faili pamoja nayo, na Mwalimu anaanza baiti ya kwanza.

Mzigo uwe na risiti yake

Nenda stendi ya Masanga utume dumu lako la mawese Tabora kwa basi. Kwenye dirisha wanaandika jina lako, jina la mpokeaji, aina ya mzigo, wanakupa risiti, dumu linabandikwa namba. Baada ya hapo basi linakwenda. Uvinza hakuna anayekupigia kuuliza kama bado uko macho. Kaliua hakuna. Urambo hakuna. Wewe umesharudi nyumbani umelala, na mzigo hauna habari na usingizi wako, kwa sababu ruhusa ya kusafiri iko kwenye risiti.

Mifumo mingi imefunga mzigo kwenye macho ya mwenye mzigo. Vitenganishe. Mtu anapobonyeza Tuma, kabla hata ya baiti moja kuondoka, kivinjari kipeleke ombi dogo: mimi fulani, nataka kuleta faili la ukubwa huu, la somo hili. Hapo sesheni ni mbichi, mtu ameingia sekunde chache zilizopita. Seva inakagua kila kitu hapo mlangoni. Anaruhusiwa? Ukubwa unakubalika? Diski ina nafasi? Jibu likiwa hapana, ameambiwa kabla ya kupoteza bando. Likiwa ndiyo, anapewa risiti: mfuatano mrefu wa herufi za kubahatisha, unaofaa kwa faili hilo moja, kwa ukubwa huo, kwa muda wa saa 24 tuseme. Risiti haisomi chochote wala haifuti chochote. Inaongeza baiti tu kwenye faili moja. Hata ikiibiwa, mwizi cha zaidi atalichafua faili hilo moja kwa baiti zake, akaunti ya Mwalimu hataigusa.

Kisha kata faili vipande. MB 640 kwa vipande vya MB 5 ni vipande 128, na kwenye laini yangu kila kimoja kinachukua kama sekunde 27. Kila kipande ni ombi linalojitegemea, kwa hiyo programu inaamka kila nusu dakika badala ya mara moja kwa saa. Mazungumzo yenyewe, ukiyasikiliza, yako hivi. Kivinjari: nina risiti hii, umefikia wapi? Seva: baiti 0. Haya, pokea. Seva: nimepata, niko kwenye 5,242,880. Pokea kingine. Inakwenda hivyo mpaka kipande cha 71, umeme unakatika. Baada ya dakika kumi unarudi, kivinjari kinauliza tena umefikia wapi, na seva inajibu 367,001,600, yaani vipande 70 kamili. Kinaendelea kuanzia hapo. Nusu saa ya bando imeokoka.

Utaratibu huu hauhitaji kubuniwa upya. Upo mkataba wa wazi unaoitwa tus, wenye maktaba za lugha nyingi za programu: swali la umefikia wapi ni ombi la aina ya HEAD, jibu linakuja kwenye kichwa kiitwacho Upload-Offset, kipande kinapelekwa kwa PATCH, na kivinjari kikidai kuanzia mahali tofauti na seva ilipofikia kinarudishwa na 409. Anayetaka kuandika mwenyewe ataweza, lakini atarudia makosa ambayo wengine walishayamaliza.

Dosari moja ya vivinjari lazima uiseme kwenye ukurasa. Ukurasa ukifungwa, kivinjari kwa kawaida hakiruhusiwi kulifungua tena faili la mtu bila yeye kulichagua. Kwa hiyo baada ya umeme kurudi, Mwalimu atalazimika kulichagua faili upya; ukurasa ulinganishe jina, ukubwa na tarehe ya kubadilishwa na vile ulivyovihifadhi pamoja na risiti, na ukiona vinafanana uendelee. Andika hivyo waziwazi: “Chagua faili lilelile, tutaendelea tulipoishia.” Asiyeambiwa atadhani anaanza mwanzo, atakata tamaa.

Na sesheni ikifa katikati? Iache ife. Vipande vinaendelea kwa risiti. Mwishoni, faili likishatimia, kuna hatua ya kulipokea rasmi na kulibandika kwenye jina la mtu. Hapo ndipo sesheni hai inatakiwa. Ikiwa imekwisha, seva inajibu 401, yaani sikutambui, na ukurasa usimpeleke mtu popote. Ufungue kidirisha juu ya fomu ileile: weka nenosiri lako, faili lako tunalo, linakusubiri. Akiingia, hatua ya mwisho inarudiwa. Fomu haijapotea, faili halijapotea, aliyoyaandika yapo.

Hapo kuna mtego mmoja ambao steshenari imenifundisha. Kidirisha kikitokea na Mwalimu ametoka kununua maji, anayekaa kwenye kiti anaweza kuweka jina lake na nenosiri lake mwenyewe, kwa nia njema kabisa, akidhani ni ukurasa wake. Usipolinganisha anayeingia na mwenye risiti, video ya migebuka itapokelewa kwa jina la kijana anayeomba kazi. Mstari mmoja wa programu unazuia hilo, na sijaona ukiandikwa mara nyingi.

Wanaohifadhi mafaili kwenye hifadhi za wingu wanaipata risiti hii karibu bure. Amazon S3 hutoa anwani iliyotiwa saini yenye muda wake. Kivinjari kinapeleka faili moja kwa moja hifadhini, seva yako haibebi mzigo. Muda wa anwani hiyo hukaguliwa ombi linapofika mlangoni, kwa hiyo ombi lililoanza kabla ya muda kuisha halikatwi kwa sababu saa imepita njiani. Vipande vyake visipungue MB 5, isipokuwa cha mwisho, na visizidi 10,000. Weka pia kanuni ya kufuta vipande vya safari zilizoachwa njiani, maana vinakaa kimya huku vikilipiwa.

Jambo dogo la mwisho kwa wenye mifumo: ile 100 ni ya kivinjari. Inamaanisha baiti zimeondoka kwa mtu, haimaanishi seva imekubali. Kama bado una kazi ya kuichakata video, jibu haraka kwamba umeipokea, endelea na kazi nyuma ya pazia, na uandike “Tunahakiki” badala ya kuacha 100 ikikodoa macho.

Kwa asiye na mamlaka na seva

Mwalimu hana mamlaka na mfumo ule, wala mimi sina. Nilimpendekezea kwanza kuipunguza video: tukiishusha ubora mpaka kama MB 90, kwa laini yetu ni dakika nane, na dakika nane zinaenea vizuri ndani ya 24. Akakataa. Alisema magamba hayataonekana, na somo zima ni magamba.

Kwa hiyo alirudi saa moja jioni, tukafanya mapigo ya mkono. Aliingia kwenye mfumo, akajaza fomu, akaanza kupakia. Kisha nikamfungulia kichupo cha pili kwenye kivinjari kilekile, mfumo uleule, ukurasa wa wasifu wake. Vichupo viwili vya kivinjari kimoja vinatumia kidakuzi kimoja, kwa hiyo kugusa kimoja ni kurudisha saa ya vyote. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha kusasisha ukurasa kwenye kichupo cha pili kila baada ya dakika kumi, bila kukigusa cha kwanza. Aliweka kengele ya simu. Kila ikilia anaacha daftari, anabonyeza, anarudi kwenye daftari.

Saa mbili na dakika chache kimstari kikafika 100. Ukurasa ukapepesa. Sote tukanyamaza. Maandishi ya kijani yakatokea: limepokelewa.

Mwalimu akakusanya madaftari yake, akalipa, akaniaga, akatoka mbio kuwahi daladala ya Ujiji. Kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni jina lake lilikuwa bado juu kulia, ameingia. Nikaenda nikambonyezea Toka.